Ngozi Si Sakafu

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kitambaa chochote, Fundi Pindo alinawa mikono mara tatu.

Mara ya kwanza alinawa kwa sabuni ya dawa, ile nyekundu yenye harufu kali. Mara ya pili alijaza maji ya moto kwenye beseni, akamimina kifuniko kimoja cha dawa ya chupa. Maji yakageuka meupe kama maziwa, naye akazamisha mikono mpaka kwenye vifundo. Mara ya tatu alijipaka losheni ya dawa. Kisha alipuliza vidole vyake, fuu, fuu, maana vilikuwa vinawaka moto. Ndipo alipoketi kwenye cherehani.

Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya mapindo yake. Mafundi wengine hupinda gauni kwa cherehani, na uzi huonekana. Yeye alipinda kwa mkono, kwa sindano nyembamba kama unywele. Ungeweza kuligeuza gauni lake ndani nje, usijue mshono umeanzia wapi. Hata wanawake wa mtaa wa pili walimletea nguo. "Nipindie wewe," walisema. "Wengine wananiharibia."

Asubuhi hiyo, mezani palikuwa na satini ya rangi ya damu ya mzee. Ilikuwa nzito, laini, inayong'aa. Haikuwa satini ya mteja. Ilikuwa ya mama mkwe wake.

Mama mkwe alifanya kazi ya usafi hospitalini. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa amepiga deki kwenye wodi zile zile. Wauguzi, madaktari, hata wagonjwa walimwita Mama Deki, naye aliitika kwa fahari kama mtu aliyeitwa Mheshimiwa. Baada ya wiki sita angestaafu. Wenzake walikuwa wamemnunulia satini hiyo ya kuvaa siku ya kuagwa. Ilikuwa ya mwisho dukani.

"Gauni atakushonea nani?" walimwuliza.

"Nina mkwe," alijibu. Mama Deki hakuwa mtu wa maneno mengi.

Fundi Pindo alitandaza kipande cha kifuani. Akakipitishia kiganja kukilainisha, kama alivyofanya kwa kila kitambaa.

Krrr.

Aliganda. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimenasa. Ngozi ya kidole ilikuwa imepasuka siku nyingi, na kingo zake zilikuwa ngumu kama meno ya msumeno. Meno hayo yalikuwa yamekamata uzi wa satini. Alivuta mkono taratibu. Uzi nao ukaja. Mstari ukakimbia kifuani mwa gauni, kuanzia begani mpaka chini ya kwapa, kama ufa kwenye kioo.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo.

Mume wake aliingia kutoka barazani, kiatu cha mtu kimevalishwa mkono wake wa kushoto. Yeye alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Fundi Soli. Alikuwa amefuata chai.

"Vipi? Umejichoma sindano?"

"Hapana."

"Mbona umekaa kama umeona nyoka?"

Fundi Pindo alificha mikono chini ya meza. Lakini mtu uliyeishi naye miaka kumi na minne humfichi kitu. Fundi Soli alivuta kigoda, akaketi.

"Hebu lete hiyo mikono."

Aliigeuza huku na huku. Viganja vilikuwa vyekundu. Vifundo vilikuwa vikavu na vyenye magamba. Ncha za vidole zilikuwa na mipasuko midogo, mingine ikitoa damu.

"Mteja akiniletea ngozi kama hii," alisema, "huwa namwuliza: bwana, kiatu hiki ulikiosha kwa sabuni ya nguo ukakianika juani?"

"Mimi si kiatu."

"Kweli. Ungekuwa kiatu, ningeshakupaka dawa ya viatu zamani."

"Na mimi ninajipaka dawa!" alisema Fundi Pindo. "Kila siku. Sabuni ya dawa, maji ya dawa, losheni ya dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya mikono. Dawa ni dawa."

"Haya. Dawa ya viatu ni dawa. Dawa ya panya ni dawa. Dawa ya mbu nayo ni dawa. Tuanze na ipi?"

Fundi Pindo alitaka kucheka, lakini machozi yalikuwa karibu zaidi. Alimsogezea satini. Fundi Soli aliona ule mstari. Utani ukamwisha.

"Mama ameuona?"

"Bado. Tafadhali, baba watoto, usimwambie. Nitatafuta la kufanya. Ila usimwambie."

*

Kwa nini Fundi Pindo alinawa mara tatu? Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mume wake.

Miaka kumi na miwili iliyopita alitoka kujifungua binti yake. Alishuka garini amechoka, mtoto kifuani. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni kumwona mtoto. Na katikati ya mlango alisimama Mama Deki, ameshika beseni la maji meupe.

"Nawa," alisema Mama Deki.

"Mama?"

"Nawa kwanza. Kwa dawa hii."

Basi. Hakusema zaidi.

Fundi Pindo alikuwa mtoto wa muuza mkaa. Tangu utotoni alikuwa amejaza mkaa kwenye magunia, na weusi wake ulikuwa umeingia kwenye mistari ya viganja. Ulikuwa haujatoka wote. Majirani walitazama mikono yake. Yeye naye aliitazama, kama anaiona kwa mara ya kwanza. Akanawa, uso umemwiva kwa aibu.

Tangu siku hiyo hakuacha. Weusi wa mkaa uliisha zamani. Alijifunza kushona, akawa fundi, akasifiwa. Lakini kila asubuhi alilirudia lile beseni, na baadaye akaliongezea sabuni na losheni za dawa.

*

Wiki hiyo Mama Deki alikuja kupimwa shingo, kipimo kilichokuwa kimebaki. Fundi Pindo alizungusha utepe shingoni mwake. Mama Deki akashtuka.

"Unanikwaruza. Umeshika nini?"

"Sijashika kitu, mama."

"Lete mikono."

Aliitazama kwa muda, midomo imebana. "Vijidudu hivi," alisema. "Ongeza dawa. Weka vifuniko viwili."

"Inawasha sana, mama."

"Ikiwasha ujue inafanya kazi."

Fundi Pindo aliongeza. Siku ya kwanza aling'ata meno. Siku ya pili alishindwa kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe. Siku ya tatu, kidole gumba kilipasuka alipokuwa anatunga uzi, na tone la damu likaanguka kwenye meza. Bahati nzuri satini haikuwapo hapo. Alikuwa ameifungia kabatini kama dhahabu.

Jioni alimfuata mama mkwe wake nyumbani kwake, akamkuta jikoni.

"Mama, nisamehe. Labda gauni tumpelekee yule fundi wa sokoni. Ana cherehani ya umeme. Atalipinda kwa siku moja."

Mama Deki alikuwa anakausha sahani. Aliikausha mbele, akaikausha nyuma, akaikausha tena mbele.

"Watu waliniuliza gauni atashona nani," alisema mwishowe. "Nikasema nina mkwe. Sikusema nina fundi wa sokoni."

Fundi Pindo alichukua sahani ile, akaipanga rafuni.

"Kesho tunakwenda kwa muuguzi wa ngozi," alisema Mama Deki. "Atatupa dawa kali zaidi."

*

Fundi Pindo alikuwa hajawahi kumwona mama mkwe wake kazini. Nyumbani alikuwa mwanamke mfupi anayeongea kidogo. Hospitalini alikuwa mtu mwingine. Sakafu ya ukumbi mrefu iling'aa mpaka ukajiona. Kila aliyepita alisalimia. "Shikamoo, Mama Deki!" "Mama Deki, utatuacha na nani?" Daktari mmoja aliyekuwa na haraka alifika penye maji, akasimama, akazunguka kwa adabu.

"Huyo," alinong'ona Mama Deki, "mwaka wa kwanza alikuwa anakanyaga tu. Nikamfundisha."

Muuguzi wa ngozi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alisimama walipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mkwe wangu. Mpe dawa kali. Hizi anazotumia zimeshindwa."

Akatoa kwenye mfuko sabuni, chupa na losheni. Alizipanga mezani moja moja. Alitaka muuguzi aone kwamba nyumbani kwake watu hawachezi na usafi.

Muuguzi aliishika mikono ya Fundi Pindo kwa upole, akaichunguza chini ya taa. Kisha akachukua sabuni, akasoma karatasi yake. Akasoma na losheni. Chupa akampa Fundi Pindo.

"Dada, nisomee hapa nyuma. Maandishi madogo."

Fundi Pindo alisogeza chupa karibu na macho. Alisoma taratibu. "Kwa sakafu, vyoo na meza. Vaa glavu unapotumia. Ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi."

Aliigeuza chupa mbele, kisha nyuma tena.

"Nimeitumia miaka kumi na miwili," alisema. "Sikuwahi kusoma huku nyuma. Mbele wameandika *inaua vijidudu* kwa herufi kubwa."

"Wengi husoma mbele tu," alisema muuguzi. "Hata sabuni hii na losheni hii, ambazo ni za ngozi, zimewekwa kemikali za kuua vijidudu. Kwa hiyo mikono yako inapata kemikali hizo mara tatu kila asubuhi, tena na maji ya moto. Sasa nikueleze ngozi yako imejengwaje."

Alichora kwenye karatasi mistari ya visanduku vidogo vidogo.

"Sehemu ya juu ya ngozi ni kama ukuta. Haya ni matofali madogo ambayo huwezi kuyaona kwa macho. Katikati ya matofali pana mafuta. Si mafuta ya kupaka, ngozi yenyewe inayatengeneza. Mafuta hayo yanashika matofali pamoja. Yanazuia maji ya mwilini yasitoke, na yanazuia uchafu wa nje usiingie. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Juu ya ukuta huo wanaishi bakteria wadogo sana."

"Vijidudu!" alisema Mama Deki. "Si nilisema?"

"Ndiyo mama, lakini wengi wao hawana ubaya. Wengine ni walinzi. Wanakaa kwenye nafasi ambazo wabaya wangezitaka. Sasa kemikali kali haijui kuchagua. Inaua mbaya, inaua na mlinzi. Inaikasirisha ngozi, na pamoja na sabuni na maji ya moto, yale mafuta yanaondoka. Ukuta unakauka, unapasuka. Kwenye ufa yanaingia mavumbi, rangi ya vitambaa, na kemikali yenyewe. Hata wale vijidudu wabaya tunaowaogopa wanapata njia. Mtu anawashwa. Akiwashwa anadhani ni uchafu, anaongeza dawa. Ni kama kumfukuza mwizi kwa kung'oa mlango wa nyumba yako."

"Lakini nilidhani ikiwasha inafanya kazi," alisema Fundi Pindo.

"Hapana, dada. Hiyo ni ngozi inakuomba msaada."

Mama Deki alikuwa amekunja mikono kifuani. "Mwanangu," alisema, "wewe umesoma, sikatai. Lakini mimi nimeshika dawa hizi miaka thelathini na minane. Tazama!" Akanyoosha viganja vyake juu ya meza. Kweli, vilikuwa laini kama vya msichana. "Pako wapi palipopasuka?"

Muuguzi alivitazama kwa heshima. "Mikono mizuri sana, mama. Ukipiga deki huwa unavaa nini?"

"Glavu."

"Siku zote?"

"Sijawahi kugusa dawa bila glavu. Mimi si mjinga."

"Na nyumbani unanawa kwa sabuni gani?"

"Hii ya kawaida ya kipande. Ile ya dawa inaniwa..."

Mama Deki akanyamaza katikati ya neno.

Fundi Pindo aliinamisha kichwa haraka. Alijizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamjaa mdomo mzima. Muuguzi alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Kumbe," alisema Mama Deki taratibu. Alionekana kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima, akaukuta mkononi mwake.

Muuguzi hakumwacha aaibike. "Mama, nikuulize jambo unalolijua kuliko sisi sote. Kule ofisini kuna sakafu ya mbao yenye nta. Ukiisugua kwa dawa kali kila siku, itakuwaje?"

"Nta inatoka," alijibu Mama Deki mara moja. "Mbao zinakauka, zinapasuka, na uchafu unaingia kwenye nyufa. Sakafu ile huwezi kuifanya hivyo. Unaifuta kwa maji na sabuni kidogo, unaikausha, unairudishia nta." Akasita. Akatazama mikono ya mkwe wake. "Unairudishia nta," alisema tena.

"Hayo ndiyo niliyotaka kusema," alisema muuguzi. "Umeyasema vizuri kuliko mimi."

"Kwa hiyo nisinawe?" aliuliza Fundi Pindo.

"Unawe! Kunawa usiache. Kabla ya kula, ukitoka chooni, ukishika uchafu. Lakini sabuni ya kawaida isiyo na harufu kali inatosha nyumbani. Inang'oa vijidudu, maji yanavisukuma vikaenda. Maji yawe ya uvuguvugu tu. Suuza vizuri, kausha kwa kugusagusa kwa taulo, usisugue. Na kabla mikono haijakauka kabisa, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Usiku paka mengi zaidi. Vyombo na nguo, osha ukiwa umevaa glavu."

"Na hizi dawa ni mbaya zote?"

"Kila moja ina mahali pake. Ya chupa ni ya sakafu. Hapa hospitali tuna za ngozi, kwa mfano kabla ya upasuaji, tena kwa kipimo. Lakini ngozi nzima haihitaji kuuliwa vijidudu kila asubuhi." Alimwita daktari, naye akaandika malhamu ya kutuliza uvimbe, ya siku saba tu. "Ukiona usaha, au joto, au wekundu unapanda mkononi, usisubiri. Njoo siku hiyo hiyo."

"Nitapona lini? Nina gauni la kushona."

"Siwezi kukuahidi siku. Ngozi mpya inachukua wiki kadhaa kupanda juu. Wengi huona tofauti kubwa baada ya wiki tatu au nne."

Wiki nne. Siku ya kuagwa ilikuwa wiki tano mbele.

Muuguzi alipokuwa anaandika kwenye daftari, aliuliza bila kuinua macho: "Dada, nani alikuambia unawe mara tatu?"

"Hakuna," alisema Fundi Pindo. Kisha, kwa sababu alikuwa amechoka kulibeba jambo hilo, akasema: "Nilitaka mikono yangu ionekane safi."

Alitazama chini aliposema hivyo. Mama Deki alisikia. Alianza kurudisha chupa kwenye mfuko, akaitoa, akairudisha tena.

*

Kesho yake Mama Deki alifika na jozi ya glavu za mpira za rangi ya manjano. Alizivaa yeye mwenyewe, akasimama mbele ya karai la vyombo.

"Mama, acha, nitaosha," alisema Fundi Pindo.

"Vyombo ni vyangu mpaka pindo liishe."

"Mama umepandishwa cheo," alisema Fundi Soli. "Ulikuwa Mama Deki, sasa ni Mama Sufuria."

"Na wewe utakuwa Baba Ufagio. Huo hapo."

Fundi Soli akafagia.

Fundi Pindo alikata kipande kidogo cha satini kutoka kwenye mabaki, akakipigilia ukutani karibu na cherehani. Kila asubuhi alinawa mara moja, akapaka mafuta, akasubiri yaingie. Kisha alipitisha kidole juu ya kipande kile na kusikiliza.

Krrr.

Alifanya kazi za vitambaa vigumu tu. Alishona mapazia, aproni za wauza nyama na suruali za kazi. Satini ilibaki kabatini.

Kazi ngumu zaidi haikuwa kushona. Ilikuwa kuzoea kukosa ile harufu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amejua kwamba yeye ni safi kwa sababu ananukia dawa. Mteja mmoja aliingia akanusa hewa.

"Fundi, leo hunukii hospitali. Umepona?"

"Ndiyo kwanza naanza kupona," alisema Fundi Pindo.

Wiki ya pili vidole vilimwasha sana. Alikwenda mpaka rafuni, akashika chupa, akafungua kifuniko. Binti yake, aliyekuwa anaandika masomo yake mezani, aliinua kichwa.

"Kwa sakafu, vyoo na meza," alisema. "Mama, wewe ni choo?"

"Mtoto huyu! Umeanza lini kusema na mimi hivyo?"

"Au ni meza?"

Fundi Pindo alifunga kifuniko. Aliirudisha chupa chini, kwenye ndoo ya deki, mahali ambapo ingepaswa kukaa siku zote. Alipaka mafuta, akafunga vidole kwa kitambaa cha pamba, akalala.

Krrr, kilisema kipande ukutani siku ya kumi. Krr, siku ya kumi na sita. Siku ya ishirini kilinasa mara moja tu, kwenye ncha ya kidole gumba.

Siku ya ishirini na nne alipitisha kidole. Akarudia. Akapitisha kiganja kizima.

"Baba watoto!" aliita. "Njoo usikie!"

Fundi Soli alikuja mbio, misumari midogo bado imo mdomoni. Aliitema kiganjani. "Nisikie nini?"

"Sikiliza." Alipitisha mkono juu ya satini.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hiyo!" alisema Fundi Pindo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Husikii kitu!"

Fundi Soli alimshika mkono. Alibonyeza ngozi kwa dole gumba, kama alivyobonyeza ngozi anapochagua ya viatu vya bei. "Hii," alisema, "ningeifanyia viatu vya bibi harusi."

Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa bado kikavu kidogo. Kwa hiyo alishona akiwa amekiinua pembeni, kama mtu anayekunywa chai kwa maringo. Ule mstari wa kifuani haukuwa wa kuficha kwa sindano. Alifikiri siku nzima. Mwishowe alikunja satini mikunjo midogo saba, iliyoshuka kutoka begani kama vijito, na mstari ukapotea ndani ya mkunjo wa tatu. Kisha akapinda chini, kwa mkono, mshono kwa mshono, siku tatu.

Mama Deki alipolivaa kujipima, aligusa mikunjo ile kifuani.

"Kwenye karatasi ya mchoro hii haikuwapo."

Fundi Pindo aliweka pini mezani. "Paliharibika, mama. Mkono wangu ulinasa. Niliogopa kukuambia."

Mama Deki aliendelea kuigusa mikunjo, mmoja mmoja, mpaka wa saba.

"Pazuri," alisema tu.

*

Siku ya kuagwa ukumbi wa hospitali ulijaa. Sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi hiyo na Mama Deki mwenyewe. Walimkataza, akakataa kukatazwa. Sasa alisimama mbele, gauni lake la damu ya mzee likiwaka chini ya taa. Wanawake wa safu ya mbele walikuwa wanainama kulitazama pindo.

"Limeshonwa wapi hili?" alinong'ona mmoja. "Uzi hauonekani!"

Muuguzi mkuu alimpa kipaza sauti. "Mama Deki, tupe maneno mawili."

Mama Deki alikishika kwa mbali, kama kitu kinachoweza kumng'ata.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema. "Anayetaka kujua kazi yangu, atazame chini."

Ukumbi mzima ukatazama sakafu. Kisha ukaangua kicheko na makofi. Muuguzi wa ngozi alipiga mluzi.

"Lakini leo," alisema Mama Deki makofi yalipotulia, "tazameni gauni. Mkwe wangu, njoo."

Fundi Pindo alikuwa ameketi safu ya nne, kati ya mume na binti yake. Fundi Soli alimsukuma begani. "Nenda, wewe."

Alitembea mpaka mbele. Mama Deki alimshika mkono wa kulia, akauinua juu, kiganja kikitazama watu.

"Gauni hili limeshonwa na mkono huu," alisema.

Watu walishangilia. Fundi Pindo alidhani yameisha, akataka kurudi kukaa. Lakini Mama Deki hakuuachia mkono wake. Alikuwa ameushika kwa nguvu.

"Siku huyu alipotoka kujifungua, nilimsimamisha mlangoni. Nilimwekea beseni la dawa mbele ya majirani. Nikamwambia, nawa. Akafikiri namwona mchafu. Amefikiri hivyo miaka kumi na miwili, na mimi sikujua. Nimejua juzijuzi, kwa muuguzi wa ngozi."

Mama Deki alimgeukia mkwe wake, akasahau watu.

"Kabla ya mumeo nilikuwa na mtoto mwingine. Aliishi siku tisa. Kitovu kiliingia vijidudu." Katika safu ya nne, Fundi Soli, aliyejua maisha yake yote kwamba yeye ni mzaliwa wa kwanza, aliinua kichwa. "Sijawahi kumwambia mtu. Nilikuja kuomba kazi ya usafi hapa hapa, nikasema angalau sakafu nitaishinda. Siku ile nilipokuona na mtoto, mwili wote ulikuwa unanitetemeka. Nilitaka kusema, *naogopa*. Ikatoka, *nawa*."

Alikiweka kipaza sauti mezani. Hakukihitaji tena. Aliushika mkono wa Fundi Pindo kwa mikono yake yote miwili, akaupitisha taratibu juu ya satini ya gauni, kifuani, kwenye ile mikunjo saba. Haukunasa.

"Mikono yako ni safi, mwanangu," alisema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Ilikuwa safi hata siku ile."